Je, wajua? Ngazi ya rezista isiyo na mwisho ina omu 1,618 tu

Reli ya kati huishia Kigoma. Mbele ni maji. Tuseme isingeishia hapo, ikavuka ziwa na kuendelea, stesheni baada ya stesheni, milele. Ukiwa Tabora unaelekea magharibi, stesheni zilizobaki hazina idadi. Ukipita Urambo, bado hazina idadi. Umeacha moja nyuma, na mbele hakijapungua kitu. Shika hapo.

Sasa njoo kwenye meza ya fundi redio, mtaa wa Mwanga, Kigoma. Chukua rezista, vile vipande vinavyozuia umeme, za omu 1,000 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kuzuia huko), zile za mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu. Nyoosha nyaya mbili. Kwenye waya wa juu tia rezista moja, kisha nyingine ishuke hadi waya wa chini. Hiyo ni hatua moja. Rudia bila kukoma. Ukipima pale mwanzoni, mita itasoma ngapi?

Wengi hujibu upesi kwamba ukinzani hautakuwa na kikomo. Sivyo: kila rezista inayoshuka ni njia ya mkato, kwa hiyo umeme haulazimiki kwenda mbali ndipo urudi.

Tuuite ukinzani wote R, tukihesabu kwa maelfu ya omu. Kata hatua ya kwanza. Kilichobaki ni ngazi ile ile, R ile ile, kama reli baada ya Urambo. R hiyo iko sambamba na rezista inayoshuka, pamoja zikiwa R/(1 + R), na zote mbili zinafuatana na rezista ya juu:

R = 1 + R/(1 + R)

Ukipanga upya unapata R² − R − 1 = 0. Jibu moja ni hasi, tupa. Lingine ni (1 + √5)/2, yaani 1.618 hivi: uwiano wa dhahabu, uleule wa wanahisabati wa kale wa Ugiriki!

Lakini nani ana rezista zisizo na idadi? Jenga hatua moja: 2. Mbili: 5/3. Tatu: 13/8. Nne: 34/21, yaani 1.619. (Anayeujua mfuatano wa Fibonacci, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, ameshatabasamu.) Tofauti na ngazi ya milele ni omu 1 hivi, ilhali rezista yenye mstari wa dhahabu huruhusiwa kukosea hadi omu 50. Kwa rezista nane tu, mita ya fundi haiwezi kukuambia kama ngazi imeishia mezani au imevuka ziwa hadi Kongo.