Pauchi ya kaki nayo ni plastiki

Wiki hii kaja tena mteja kutaka ushauri wa vifungashio, na pauchi ya kaki mkononi. Safari hii ni mama wa hapa Moshi anayekaanga krispi za ndizi. "Kaka, nimeachana na plastiki, nimehamia kwenye hizi za kulinda mazingira." Bei ni zaidi ya mara mbili ya mfuko aliokuwa anautumia.

Sikubishana naye. Nilikata kipande cha pauchi, nikakiloweka kwenye maji ya moto, tukaendelea na habari za lebo. Baadaye nikamwambia akisugue kwa kidole gumba. Karatasi ikatoka vipande vipande kama uji ulioganda, akabaki na ngozi nyembamba inayong'aa: plastiki, na katikati yake alumini.

Lazima viwepo. Karatasi tupu haizuii unyevu wala hewa, na krispi zingelainika na mafuta kuchacha kabla mzigo haujafika Arusha. Kwa hiyo plastiki hajaiacha, kaivalisha koti tu. Tena kaharibu zaidi, maana mfuko wa plastiki ya aina moja angalau unaweza kuyeyushwa upya. Karatasi, plastiki na alumini zikishagandishwa pamoja, nani atazitenganisha? Muokota makopo anabeba chupa, pauchi anairuka.

Watu wakisikia hivyo wanadhani natetea plastiki. Hapana. Nasema hesabu ifanywe nzima: malighafi, kiwanda, usafiri, kinachofungwa ndani, kinatumika mara ngapi, kinaishia wapi. Rangi haimo kwenye hesabu.

Mwaka 2011 wakala wa mazingira wa Uingereza ulitoa hesabu ya mifuko ya kubebea. Ukiangalia ongezeko la joto la dunia tu, mfuko wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3 ndipo ulingane na ule mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, wa polipropilini isiyofumwa (plastiki inayofanana na kitambaa) mara 11, wa pamba mara 131. Na ile "mifuko mbadala" tuliyohamia Tanzania baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019? Ni polipropilini hiyo hiyo.

Halafu wapo wa upande wa pili, watetezi wa plastiki, wanaonichosha vilevile. Hao wananitupia ripoti ya Denmark ya 2018: "mfuko wa pamba ya kilimo hai mpaka uutumie mara 20,000!" Soma jedwali lote, ndugu yangu. Namba hiyo inatoka kwenye kigezo kimoja tu, cha kuharibu tabaka la ozoni. Kwa tabianchi peke yake ni mara 149. Bado ni nyingi, lakini mtu mwenye mfuko mmoja wa sokoni anazifikisha. Ukichagua kigezo, umeshachagua mshindi.

Hapo ndipo na mimi nina wasiwasi na hesabu zetu. Hazina safu ya mtaro ulioziba mtaa wa Unga Limited, Arusha, wala ng'ombe aliyemeza mfuko. Ukishika hewa ya ukaa peke yake, marufuku ya 2019 ni ngumu kuitetea. Mimi naiunga mkono, na siwezi kukuonyesha kwa namba kwa nini, kwa sababu gramu za hewa ya ukaa hazibadilishwi kuwa mitaro. Tena takwimu nyingi tunazotumia ni za viwanda na madampo ya Ulaya.

Vikombe "vinavyooza" vya plastiki ya mahindi nitavipitia haraka: vinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Shimo lako la taka halina joto hilo. Karatasi nayo ikifukiwa dampo bila hewa inatoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia.

Kinachosahaulika zaidi ni chakula chenyewe. Watafiti Poore na Nemecek, mwaka 2018, waliweka vifungashio kwenye takriban asilimia 5 ya gesijoto za mfumo mzima wa chakula. Zilizobaki nyingi ziko shambani. Krispi zikimwagwa kwa sababu zimelainika, umemwaga ndizi, mafuta ya kula na kuni zilizozikaanga. Nyanya zinazopondeka kwenye tenga la mbao zingefika nzima kwenye kreti la plastiki linalorudi shambani miaka na miaka.

Kurudi ndiyo siri ya kioo pia. Chupa ya soda inayorudi na kreti lake, sina cha kuisema vibaya. Chupa ya asali inayotupwa baada ya kujazwa mara moja ni habari nyingine: ni nzito kusafirisha, na kioo kinayeyushwa kwa nyuzi 1,500 hivi.

Na kabla hujaniuliza kuhusu majani ya mgomba: kwa nyama ya kuliwa leo, sina kifungashio bora cha kukushauri. Kwa unga wa lishe wa kukaa dukani miezi sita, utakuwa unauza ukungu.