Kurudi Nyuma kwa Kihispania: Dhana Potofu na Ukweli

Neno dogo la Kiingereza “back” hubeba mienendo mitatu isiyofanana. Mtu anaweza kwenda upande ulipo mgongo wake. Anaweza kurejea mahali alipokuwa. Anaweza pia kujitenga na kitu kilicho mbele yake. Kiingereza hakimbani msemaji ataje ni upi kati ya hiyo mitatu, ila Kihispania kinambana, kwa kuwa kila mmoja una vitenzi vyake. Mtafsiri wa Kiingereza kwenda Kihispania anayefikiri kwa Kiswahili ana mtego wa ziada, maana “rudi” yetu nayo inafunika miwili: tunasema “karudi nyumbani”, na tunasema “rudi nyuma kidogo”.

Dhana: “back” ni “atrás”, basi popote penye “back” weka “atrás”

“He went back home” ni “volvió a casa” au “regresó a casa”. “Fue atrás a casa” si Kihispania. “Give back” ni “devolver”, na “I'll call you back” ni “te devuelvo la llamada” au “te llamo luego”. Utasikia “te llamo para atrás” kwa wasemaji wa Kihispania wanaoishi Marekani, ambako lugha hizo mbili zinakaa nyumba moja. Nje ya jamii hizo msomaji atashtuka, kwa hiyo usiiandike isipokuwa unamnukuu mhusika anayesema hivyo.

Kabla ya kuchagua kitenzi, uliza maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, aliwahi kuwa pale anapokwenda? Kama ndiyo, tumia “volver” au “regresar”. Kama siyo, je, mgongo ndio unaotangulia? Hapo ni “retroceder”, “ir hacia atrás” au “caminar de espaldas”. Na kama kinachotiliwa mkazo ni umbali kati yake na kitu fulani, chukua “apartarse”, “alejarse” au “retirarse”.

Chukua “She backed away from the dog”. “Retrocedió ante el perro” inaonyesha hofu. “Se apartó del perro” inaonyesha umbali tu, na huenda aligeuka kabisa. Ikiwa matini inataka kila kitu, yaani polepole na macho kwa mbwa, andika “se fue alejando del perro sin darle la espalda”. Ni sentensi ndefu kuliko ya Kiingereza, na haina kosa lolote kwa urefu wake.

“Volver” nayo ina vijitego. “Volvió” ni alirejea, lakini “se volvió” mara nyingi ni aligeuka: “se volvió para mirar”. Ikifuatwa na “a” na kitenzi kisichonyambuliwa, huwa na maana ya tena: “volvió a entrar” hufaa kwa “went back in”, lakini pia ni “aliingia tena”, na kwa kawaida tofauti hiyo haina madhara. Aliyefika njiani akaghairi safari “dio media vuelta”. Anayepita tena njia ileile aliyojia “desanda el camino” au “vuelve sobre sus pasos”. Angalia mnyambuliko hapo: “desandar” hufuata “andar”, kwa hiyo ni “desanduvo”, wala si “desandó”.

Katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini watu husema pia “regresarse” na “devolverse” kwa maana ya kurejea, na “regresar el libro” kwa maana ya kurudisha kitabu. Msomaji wa Hispania atatarajia “devolver el libro”. Amua mapema unamwandikia nani.

Dhana: ukijua “retroceder” umemaliza kazi

“Retroceder” ni kitenzi kizuri, hunyambulika kwa kanuni bila ukorofi wowote, na kinafaa kwa jeshi, maji ya mafuriko, uchumi na barafu ya milimani: “el glaciar retrocede”. Kipimo cha umbali hukifuata moja kwa moja bila kihusishi: “retrocedió dos pasos”, “retrocedimos tres metros”. Wanaoandika “retrocedió por dos pasos” wanabeba “by two steps” ya Kiingereza mgongoni. Kinachosababisha kurudi nyuma huingia kwa “ante”, na mwisho wa mwendo kwa “hasta”: “retrocedió hasta la pared”. Ukiongeza “hacia atrás” baada yake umerudia maana ambayo tayari imo ndani ya kitenzi.

Kwa kawaida hakichukui yambwa, yaani kitu kinachotendwa. “Retroceder el coche” utaisikia hapa na pale, hasa Amerika, lakini mhariri makini ataifuta. Andika “mover el coche hacia atrás” au “dar marcha atrás”.

Tatizo kubwa zaidi ni rejista, yaani mtindo wa lugha unaofaa msemaji na mahali alipo. Mzazi anayemwambia mtoto “Step back!” karibu na jiko hatasema “retrocede”. Atasema “apártate” au “échate para atrás”, na Meksiko “hazte para atrás”. Askari anayezuia umati hupaza sauti “¡Atrás!” tu. “Retroceda despacio” inakaa vizuri kwenye mwongozo wa mashine, ila ukimtilia mdomoni kijana anayegombana barabarani, mazungumzo yote yanakufa. “Back off!” ya ugomvi ni “¡aléjate!” au “¡déjame en paz!”. Na kondakta anayewaambia abiria “move back” hawaambii warudi kinyumenyume: anawataka waende mwisho wa basi, “pasen al fondo”.

Dhana: kitenzi hutafsiriwa kwa kitenzi, kielezi kwa kielezi

Hapa ndipo penye nyama. Mwanaisimu Leonard Talmy alionyesha kwamba lugha hutofautiana mahali zinapoiweka njia ya mwendo. Kiingereza huweka namna ya kwenda ndani ya kitenzi (kukimbia, kuchechemea, kutambaa) na njia kwenye kijineno cha pembeni kama “back”, “out” au “in”. Kihispania hupenda kinyume chake: njia imo ndani ya kitenzi, na namna huja baadaye, ikiwa kuna haja nayo.

“She limped back” ni “volvió cojeando”. “He ran back into the house” ni “volvió corriendo a la casa”. Ukianza na “cojeó” au “corrió” utajikuta unabandika “atrás” mwishoni, na tafsiri itanuka Kiingereza.

Kwa bahati njema Kiswahili kimejengwa vivyo hivyo. Tunasema “alirudi akichechemea”, “alitoka kinyumenyume”, “aliingia akikimbia”. Anayekwama kwenye sentensi ya Kiingereza aigeuze kwanza kwa Kiswahili cha kawaida, kisha afuate umbo hilo: “alirudi” huwa “volvió”, “akichechemea” huwa “cojeando”. Mara nyingi muundo hutoka ukiwa sawa, na kinachobaki ni kuchagua msamiati. Sijui kwa nini vitabu vya mafunzo havitumii njia hii zaidi.

Sasa tazama kitenzi “to back” chenyewe, ambacho ni kigumu kuliko hivyo kwa kuwa hubeba ule mgongo unaotangulia:

“He backed out of the room”: njia ni kutoka, namna ni kinyumenyume. “Salió de la habitación de espaldas.”

“She backed into the garage” akiwa na gari: “entró en el garaje marcha atrás”.

“He backed the truck out of the yard”: kuna anayetoa na kinachotolewa, kwa hiyo kitenzi ni “sacar”. “Sacó el camión del patio marcha atrás.” Angekuwa analiingiza, ni “meter”.

“She backed into a post”: hapa “into” si kuingia, ni kugonga. “Chocó con un poste al dar marcha atrás.” Mashine za kutafsiri, na watu wenye haraka, hujikwaa hapa wakaandika kitu kinachomfanya dereva aonekane ameingia ndani ya nguzo.

Kuacha kutaja namna nako kuna uzito wake. “He walked back” mara nyingi ni “volvió” tu. Ukiandika “volvió andando”, msomaji ataelewa kwamba kutembea kwa miguu ni habari: angeweza kupanda gari na hakupanda. Kiingereza hutaja namna kwa mazoea, ilhali Kihispania huitaja kwa sababu. Ukurasa wenye “caminando”, “andando” na “corriendo” kila mstari unachosha.

Angalia vilevile kwamba “de espaldas” ina maana mbili. “Caminaba de espaldas” ni alitembea kinyumenyume, lakini “estaba de espaldas” ni alikuwa amempa mtu mgongo, na “cayó de espaldas” ni alianguka chali. Pale ambapo utata unadhuru, tumia “hacia atrás”.

Dhana: “recular” ni neno chafu

Ndani yake limo “culo”, yaani matako, na wanafunzi wengi huliogopa kwa sababu hiyo. Si tusi. Kamusi zinalieleza kwa “retroceder”, na ladha yake ni ya mazungumzo kuliko ya ofisi. Linampendeza farasi anayegoma, na mwanasiasa anayemeza maneno yake. Kuna hata “a reculones”, kinyumenyume, kwa utani kidogo.

Ndugu zake wawili wamepungua matumizi. “Cejar” kilihusu wanyama wa kukokota mkokoteni wanaorudi nyuma. Leo utakikuta karibu kila mara pamoja na “no”: “no ceja en su empeño”, halegezi kamba. “Ciar” ni kupiga makasia ili mashua irudi nyuma, na matini ikiwa ya mashua ndicho kitenzi halisi. Nje ya maji kiache.

Dhana: gari likirudi nyuma ni “marcha atrás” kote duniani

Hispania na Ajentina, ndiyo. Meksiko, Kolombia na sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini, gia hiyo ni “la reversa”: “meter reversa”, “ir en reversa”, “salir en reversa”. Watu wataelewa neno la upande wa pili, lakini mwongozo wa gari unaouzwa Meksiko ukiwa na “marcha atrás” kila ukurasa utaonekana umeagizwa kutoka ng'ambo.

“Dar marcha atrás” ina maisha ya pili, ya kughairi uamuzi: “el gobierno dio marcha atrás”. Na Hispania, katika mazungumzo ya faragha, “la marcha atrás” ni kumwaga nje wakati wa tendo la ndoa. Muktadha hutenganisha vizuri, ila kichwa cha habari chenye mzaha kisomwe mara mbili kabla hakijachapwa.

Dhana: “atrás” na “detrás” ni mamoja

“Detrás” hutaja mahali, nyuma ya kitu. “Atrás” hubeba mwelekeo. “Dio un paso atrás” ni sahihi, “dio un paso detrás” siyo. “Ve detrás de ella” ni mfuate, jambo lililo karibu kinyume cha ulichokusudia.

Dhana: kurudi nyuma kwa mwili na kwa neno husemwa tofauti

Mara nyingi ni maneno yaleyale, na kinachotofautisha ni kijisehemu kidogo. “Se echó hacia atrás” ni aliegemea au alivuta mwili nyuma. “Se echó atrás” huelekea zaidi kwenye kughairi: alikubali, kisha akajitoa. “Se echó para atrás” hubeba yote mawili. Kwa hiyo “he backed out of the deal” ni “se echó atrás”, na mtaani “se rajó”. “Back down” kwenye mabishano ni “ceder” au “dar su brazo a torcer”. Aliyejilaza kitini kwa starehe “se recostó”.

Dhana: katika muda, “back” ni kwenda zamani

Saa inaporudishwa nyuma ni “atrasar el reloj” au “retrasar el reloj”. Hispania bara, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 9 usiku inakuwa saa 8 usiku. Lakini “to push the meeting back” kwa kawaida ni kuupeleka mbele kwenye kalenda: “aplazar”, “posponer”, “retrasar”. Ukiandika “adelantar” watu watafika kabla yako. Desturi “going back to” karne ya 15 “se remonta al siglo XV”, ambapo Kihispania kinapanda badala ya kurudi.

Mengine yana majina yake na hayahitaji falsafa. Mtu ambaye nywele za paji la uso zinarudi nyuma “tiene entradas”. Maji ya bahari yakipwa, “baja la marea”. Msukumo wa bunduki ni “retroceso”, na pigo lake begani ni “culatazo”. Kuogelea chali ni “espalda” Hispania na “dorso” kwingi Amerika. Kitufe cha kufutia kwenye kibodi ni “retroceso”, kurudisha kanda nyuma ni “rebobinar”. Na “back up your files” haina mwendo wowote ndani yake: ni “haga una copia de seguridad”, au “respalde sus archivos” kwa wasomaji wa Meksiko.