Mbona bahari ikichafuka inakula mchanga, na siku hizi hairudishi?

Ukipita ufukweni asubuhi baada ya dhoruba, tuseme Kunduchi pale Dar, unakuta mchanga umekatwa kama ngazi, mizizi iko nje, mwani na chupa za plastiki kila mahali, na watu wanasema bahari imekula. Kweli imekula ila haijaenda nao mbali. Mawimbi makubwa yanauvuta mchanga na kuurundika hapo hapo mbele majini, unakuwa fungu, na hilo fungu ndo linafanya mawimbi yanayofuata yavunjike mbali kabla hayajafika, yaani ufukwe unajilinda wenyewe. Bahari ikitulia, mawimbi madogo yanaurudisha kidogo kidogo, inaweza kuchukua wiki au hata miezi.

Sasa shida ni kwamba mchanga hautulii. Kusi ikivuma mawimbi yanapiga kwa ubavu na kuusukuma kwenda kaskazini, kaskazi ikiingia unarudi kiasi, ila kusi ina nguvu zaidi, so kila mwaka kuna mchanga unaondoka na lazima mwingine uje kujazia. Unatoka wapi? Mitoni. Kunduchi inalishwa na mito ya kina Tegeta na Mbezi mvua zikinyesha, na humo humo ndo malori yamekuwa yakipakia mchanga wa kujengea miaka nenda rudi. Tunajenga nyumba kwa ufukwe halafu tunailaumu bahari! Soko la samaki la zamani pale lilishabomoka likaishia majini.

Ukuta wa mawe wa kuingia baharini nao unakamata mchanga upande mmoja tu, mwenye hoteli anafurahi, jirani wa upande wa pili analia. Na baruti za wavuvi zikishavunja matumbawe, mawimbi yanafika pwani na nguvu zake zote.

Mfano mbaya zaidi ni Maziwe, karibu na Pangani. Kilikuwa kisiwa kabisa, kina mivinje, kasa wanataga, 1975 kikafanywa hifadhi. Wengi wa kule watakwambia mivinje ilikatwa ikaisha, basi bahari ikamaliza kazi. Leo ni fungu tupu, maji yakijaa linazama. Kasa bado wanapanda kutaga pale, kwa hiyo watu wa Ushongo inabidi wayafuate mayai kwa boti wakayafukie upya ufukweni kwao, vinginevyo yote yanaharibika na maji.