Hakuna Sindano ya Kumwamsha Aliyepigwa Nusu Kaputi

Kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, huku kwetu Mtwara, swali huja mapema. Mgonjwa ametolewa, macho bado mazito, na ndugu waliopanda basi la alfajiri kutoka Tandahimba wanataka kumsikia akiongea. "Nesi, kwani hamjampiga ile sindano ya kumwamsha?" Wengine huuliza kwa upole. Wengine huuliza kwa hasira, maana walishaambiwa kijijini kwamba sindano ipo ila hupigwa yule ambaye ndugu zake wametoa chochote. Neno hilo huniuma, kwa hiyo naanza nalo.

"Sindano ya kuamsha ipo, wanaificha"

Ipo dawa inayokaribia maneno hayo, lakini kazi yake ni nyingine. Inaitwa doksapramu, huchomwa kwenye mshipa, na imetumika tangu miaka ya 1960. Kazi yake kuu si kumwamsha mtu, bali kusukuma pumzi. Pembeni mwa shingo, pale unapoweka vidole kusikia mapigo, mshipa mkubwa wa damu hugawanyika mara mbili, na kwenye panda hiyo kuna kinundu kidogo kama punje ya mchele, kimoja kila upande. Kinundu hiki huonja damu. Oksijeni ikipungua, hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na kifua kinaamriwa kuvuta. Dawa za usingizi humlegeza mlinzi huyu, doksapramu humchokonoa. Kwa dozi kubwa zaidi huugusa na ubongo wenyewe.

Sasa angalia muda wake. Sekunde 20 hadi 40 baada ya kuchomwa, pumzi zinaanza kuwa ndefu. Dakika moja au mbili, nguvu yake imefika mwisho wa kupanda. Kati ya dakika 5 na 12 imekwisha. Kama dawa ya usingizi bado imo mwilini, mgonjwa anarudi kulekule alikokuwa, kwa hiyo aliyemchoma hathubutu kuondoka pale kitandani.

Usingizi wenyewe una njia yake ya kutoka. Ule wa gesi hutoka kwa kupumua. Ule wa mshipani husambaa mwilini, kisha ini na figo huumaliza taratibu, na kwa mzee au mwenye ini bovu taratibu hiyo hurefuka. Tena doksapramu si dawa ya lazima: kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani haimo, wakati neostigmini na naloksoni, nitakazozieleza hapa chini, zimo. Hospitali isiyo na doksapramu haijamnyima mgonjwa wako haki yake.

"Pumzi ni pumzi, sindano yoyote itafaa"

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na hata sisi wa kazini tunapaswa kukumbushana. Pumzi hafifu baada ya upasuaji ina vyanzo vingi, na kila chanzo kina dawa yake.

Cha kwanza hakihitaji sindano kabisa: ulimi umelala nyuma ukaziba koo. Unasimama kichwani mwa mgonjwa, unashika taya pande zote mbili chini ya masikio, unalisukuma mbele, na hewa inapita. Ukimchoma doksapramu mtu aliyezibwa koo, unamlazimisha avute kwa nguvu mahali pasipopitika, na dawa hiyo imekatazwa kwake.

Cha pili ni dawa ya kulegeza misuli, ambayo hupewa ili tumbo lipasuliwe bila kukaza. Ikibaki mwilini, mgonjwa anaweza kuwa macho kabisa, anasikia yote, lakini hana nguvu ya kujaza kifua. Hutapatapa kama samaki aliyetupwa mchangani. Kumpa doksapramu mtu huyu ni kumchapa punda aliyefungwa miguu. Anayemfungua ni neostigmini, ikipigwa pamoja na atropini, kwa kuwa neostigmini peke yake hupunguza mapigo ya moyo. Na hata hiyo haifai kwa kila dawa ya kulegeza: ile ya muda mfupi iitwayo saksamethoniamu huachwa iishe yenyewe. Ukimsikia mtaalamu wa usingizi akimwambia ndugu yako, "Inua kichwa, usishushe, nahesabu mpaka tano," anapima kama misuli imerudi.

Cha tatu ni dawa kali za maumivu, morfini na pethidini na wenzao. Hizo hupunguza hamu ya kupumua, na kinzani yake ni naloksoni. Ndani ya dakika moja au mbili mgonjwa anavuta hewa. Lakini naloksoni huchukua na nafuu ya maumivu, kwa hiyo hupewa kidogo kidogo, la sivyo mtu anazinduka anapiga mayowe juu ya kidonda kibichi. Na huwahi kuisha: nusu saa, saa moja, saa na nusu, wakati morfini inaendelea kwa saa kadhaa. Ndugu wengi hufurahi mgonjwa akizinduka, wakadhani mambo yamekwisha. Saa ile ya pili ndiyo inayonifanya nirudi kitandani mara kwa mara.

"Kifafa hakihusiani na mkono uliovunjika"

Msimu mmoja wa korosho aliletwa kijana aliyeanguka juu ya mkorosho, mkono umevunjika chini ya kiwiko. Niliuliza maswali ya kawaida kabla ya upasuaji. Presha? Hana. Pumu? Hana. Kifafa? Mama yake akajibu upesi kuliko yeye: hana. Jioni, nikipita barazani, yule mama akanishika mkono akanivuta pembeni. "Mwanangu, usiandike mbele za watu. Huyu huanguka." Nikamuuliza mara ya mwisho lini. Akasema hata juu ya mkorosho hakuteleza.

Nilimshukuru kwa moyo wote, na nikaandika. Doksapramu inaweza kuamsha degedege kwa mwenye kifafa, hivyo hapewi. Hapewi pia mwenye presha kali, ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyepata kiharusi au kuumia kichwa, wala mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kwa maana dawa hupandisha presha na kuongeza mbio za moyo. Anayetumia aminofilini kwa ajili ya pumu aseme, kwa sababu zikikutana na doksapramu mgonjwa huhangaika na misuli kurukaruka. Na siyo doksapramu tu; dawa za usingizi zenyewe huchaguliwa kwa kufuata majibu hayo. Najua kwa nini watu huficha kifafa. Binti hukosa mchumba, kijana hutengwa sahani. Basi mvute nesi barazani kama alivyofanya yule mama, lakini usinyamaze.

"Akiwekewa oksijeni ndiyo basi"

Hapana. Baada ya nusu kaputi oksijeni hupewa karibu kila mtu, hata aliyeondolewa kidole tumbo na kesho kutwa anarudi nyumbani. Kile kibanio cha kidoleni kinasoma kiasi cha oksijeni kwenye damu, na tunapenda kuona 95 kwenda juu. Ndugu wanaomvua mgonjwa barakoa kwa hofu ya kifo ndio wanaomsogeza karibu nacho.

"Anakoroma, mwacheni apumzike"

Mtu aliyetoka kwenye nusu kaputi akikoroma, koo limezibwa nusu. Tazama kifua: kikibonyea ndani wakati tumbo linapanda, hewa haipiti, ita nesi hapo hapo. Usimwagie maji, usimpige makofi, wala usimnyweshe uji ili achangamke, kwa sababu uji huo unaweza kuingia mapafuni.

Yule mama wa kijana nilimfundisha kuhesabu. Weka kiganja juu ya kifua chake, shika saa ya simu, hesabu dakika nzima bila kukata. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Zikipungua chini ya 10, usingoje nipite, nifuate. Usiku ule, baada ya upasuaji, alikaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, kanga moja begani, nyingine amemfunika mwanawe miguu, na kila nilipopita na tochi alininong'oneza namba kabla sijamuuliza: "Kumi na nne." Baadaye: "Kumi na sita." Alfajiri, adhana ya kwanza ikilia, nilimkuta bado kiganja kipo kifuani, na kijana amefumbua macho anaomba maji.