Chumvi mbichi, chumvi iliyoiva na pakiti ya mchuzi mix

Shangazi yangu wa Umoja hana kichupa cha chumvi mezani. Alikiondoa tangu alipopimwa presha akaambiwa apunguze chumvi. Jumamosi moja nilimkuta jikoni akiunga ndengu. Kitunguu kilipobadilika rangi alitia kijiko cha chumvi, akapasua pakiti ya mchuzi mix akaimimina yote, kisha akabandua karatasi ya kile kipande cha mraba cha supu na kukivunjavunja kwa vidole juu ya sufuria. Akaniona namtazama.

“Hii itaiva, mwanangu. Mbaya ni ile mbichi.”

Sijui dhana nyingine ya jikoni iliyoenea Nairobi kama hii. Nimeisikia kwa mama mboga, nimeisikia kwenye matatu, na nimeisikia kwa watu wenye digrii zao: eti chumvi ya kunyunyizia mezani inaleta presha, lakini iliyochemka na mboga haina neno. Ukweli ni kwamba chumvi haiivi. Ni sodiamu na kloridi, na ili ipate kuyeyuka peke yake, bila maji, inataka joto la nyuzi 801. Hata ukiifikisha huko, ikipoa ni chumvi ileile. Mchuzi unaotokota hapa Nairobi haufiki hata nyuzi 100, kwa kuwa tuko juu sana ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kijiko kilichoingia sufuriani ndicho kitakachoingia mwilini, tofauti ni kwamba hukioni tena.

Nadhani kosa lilianzia kwenye ushauri mzuri. Daktari husema, “Usiongeze chumvi mezani,” kwa sababu huko ndiko rahisi kuanzia. Mgonjwa akirudi nyumbani anakuwa amesikia kwamba iliyo mbichi ndiyo yenye sumu.

Shida yenyewe ni sodiamu, mlango wowote itakaopitia. Huvuta maji, damu ikaongezeka ujazo ndani ya mishipa, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita, mishipa hukakamaa, figo huchoka, na kiharusi hakiko mbali. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, tena kwa vyakula vyote vya siku nzima, mkate wa asubuhi ukiwemo. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11.

Sasa rudi kwenye sufuria ya shangazi, ndengu ya watu wanne. Kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa ni gramu 6 hivi. Vile vipande vya supu, vingi vyake nusu au zaidi ya uzito ni chumvi, kwa hiyo kipande cha gramu 4 kimeleta gramu 2 nyingine. Kuhusu mchuzi mix, geuza pakiti usome nyuma. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi hutajwa kwanza. Ukikuta chumvi iko ya kwanza au ya pili, basi ulichonunua ni chumvi iliyochanganywa na wanga, rangi na harufu ya bizari. Na wakiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5: gramu 1 ya sodiamu ni gramu 2 na nusu za chumvi. Sisemi vitu hivi ni sumu. Nasema ukivitia, kijiko cha chumvi kisiingie tena. Wengi wetu tunatia vyote, halafu tunaonja, halafu tunaongeza.

Wapo wanaokataa pakiti hizo kabisa, lakini kwa sababu isiyo yenyewe. Wao wanaogopa MSG, ule unga wa kukoleza ladha unaotiwa humo: inaleta saratani, inaharibu ubongo, na mengineyo ya kutumiana kwenye simu. MSG ni sodiamu iliyoungana na glutamati. Mwaka 1908 Mjapani Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani wa kombu, akaiita ladha yake umami. Glutamati hiyohiyo imo kwenye nyanya zilizoiva, kwenye uyoga, hata kwenye maziwa ya mama. Hofu ilishika kasi mwaka 1968, baada ya barua moja katika jarida la tiba la Marekani kulalamikia ganzi na mapigo ya moyo baada ya kula kwenye mikahawa ya Kichina. Wapo wanaosema kichwa huwauma wakila MSG, ila majaribio ya kuwapa bila wao kujua hayakutoa matokeo yanayolingana. Na sodiamu yake ni karibu theluthi moja ya ile ya chumvi. Kwa hiyo tunagombana na mgeni huku mwizi ameshaingia chumbani.

Mlango mwingine, na huu hautajwi kabisa, ni magadi. Maharagwe, githeri, mrenda, kunde: vibanda vingi hutia magadi ili viive upesi na makaa yasiishe. Utasikia, “Mimi chumvi situmii sana, natia magadi kidogo tu.” Yale mawe meupe yanayotoka Ziwa Magadi, kule Kajiado, ni madini ya sodiamu pia, karibu asilimia 30 ya uzito wake. Kazi yanaifanya, maana hulainisha ganda la punje. Lakini huua vitamini B1 iliyomo kwenye maharagwe, na magadi ya Bonde la Ufa huwa na floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kuloweka maharagwe usiku kucha kunapunguza muda wa jikoni bila hayo yote.

“Basi nitanunua ile ya pinki, ya Himalaya.” Nunua ukipenda rangi. Inachimbwa Pakistan, zaidi ya asilimia 95 yake ni chumvi kama ya dukani, bei ndiyo tofauti, na nyingi haina ayodini. Ile ya kawaida hapa Kenya sheria inataka itiwe ayodini, ndiyo maana rovu si jambo la kila kijiji tena.

“Presha ningeisikia.” Husikii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Si ugonjwa wa waliokula chumvi nyingi peke yao, wala sikusudii utani.

Na ile ya kutia kiazi kibichi ndani ya mchuzi uliozidi chumvi, eti kiipunguze? Kinanyonya maji na chumvi yake pamoja, kinachobaki sufuriani kina ukali uleule. Ongeza maji, nyanya au ndengu zaidi.

Na mtoto ambaye hajafika mwaka hana haja ya kutiwa chumvi wala mchuzi mix kwenye viazi vyake vya kuponda. Anayeona havina ladha ni mama yake.

Kuna chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Utafiti uliofanywa vijijini China kwa watu karibu 21,000, uliochapishwa 2021, ulionyesha kiharusi kikipungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia chumvi ya aina hiyo. Ila mwenye figo dhaifu, au anayemeza baadhi ya dawa za presha, asiiguse kabla ya kumwuliza daktari, kwa sababu potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Jumapili iliyofuata tulipika ndengu tena, mimi na shangazi. Nusu kijiko cha chumvi, pakiti hatukuzigusa. Tuliachia kitunguu kikaiva mpaka kahawia, tukasaga kitunguu saumu na tangawizi, tukatia nyanya nne zilizoiva sana, bizari, na dhania mwishoni, halafu ndimu. Nilimwonya kwamba ulimi unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Yeye alikula akanyamaza, akaongeza ndimu. Mumewe alionja, akaweka kijiko chini.

“Chapwa,” akasema, kisha akauliza kile kichupa cha chumvi tulikipeleka wapi.