Sakitu Huja Upepo Ukitulia

Kila Kipupwe, Juni hadi Agosti, sisi watabiri wa hali ya hewa tunapokea malalamiko kutoka Njombe, Makete na Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania: "Mlisema nyuzi joto 3, mbona viazi vimeungua?" Utabiri haukukosea. Nyuzi 3 hizo ni joto la hewa, si la jani.

Usiku, ardhi na majani hupoteza joto kuelekea angani. Mawingu yakiwepo, sehemu ya joto hilo hurudi. Anga ikiwa safi na upepo umetulia, jani hupoa kuliko hewa inayolizunguka, na likishuka chini ya sifuri mvuke huganda juu yake. Hiyo ndiyo sakitu. Haianguki kutoka juu kama mvua, na hili tumelisema mara nyingi. Upepo ukivuma huchanganya hewa baridi iliyolala chini na ile yenye joto kidogo iliyo juu yake, jani likapata nafuu. Anayesema "leo hakuna upepo, tuko salama" amegeuza mambo kabisa. Upepo humuumiza mchungaji na ndama aliyelowa kwa sababu huwapokonya joto la mwili. Kiazi katika usiku wa anga safi kinauhitaji.

Hewa baridi ni nzito, hutiririka hadi bondeni na kutuama huko. Ndiyo maana miche ya parachichi ya bondeni hukauka, ya jirani kwenye mteremko ikapona. Matandazo makavu nayo huzuia joto la udongo lisipande. Usiku wa hatari yaondoeni, na udongo umwagiliwe mapema mchana.

Wenye vipimajoto: kiwekwe ndani ya kibanda cheupe chenye matundu ya hewa, mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini, si ukutani wala chini ya bati. Joto la chini kabisa lisomwe saa 3 asubuhi, liandikwe pamoja na desimali, kisha kipimo kirudishwe tayari kwa usiku unaofuata. Siku uliyokosa iachwe wazi, usikisie. Mkiwa na kipimajoto cha pili, kiwekeni usawa wa mmea.

Kujipimia shambani kwako si tatizo. Kutangazia umma utabiri wako bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Na. 2 ya 2019, na adhabu zake zimeandikwa humo. Sakitu ikipiga, mpelekee afisa ugani wa kata jina la kitongoji, saa uliyoiona na zao lililoathirika, siku hiyohiyo.