Anapasha chai tu? Basi rudisha

Wiki hii ni mteja wa nne kukataa riwaya ya shujaa mwenye nguvu ya ajabu iliyo ndogo. Kijana, begi mgongoni, kachukua riwaya niliyomchagulia mwenyewe, kasoma nyuma ya jalada, kaniangalia kana kwamba nimemuuzia samaki aliyelala. "Bosi, shujaa gani huyu? Anapasha chai kwa viganja, basi! Hata kupaa hawezi!"

Nauza vitabu vya mtumba Posta, Dar es Salaam, na dhana hii kwamba nguvu ndogo huzaa hadithi ndogo imenichosha. Mtu anayenyanyua basi la mwendokasi kwa mkono mmoja, ukurasa wa pili umeshajua atanyanyua. Mwandishi atamletea mabasi mawili, kisha matatu, nawe unapiga miayo. Sasa huyo wa chai mpangishe chumba Manzese, mkewe mama lishe. Siku mkaa umekwisha, anapasha birika kwa mikono. Mteja mmoja ameona. Kufikia jioni mtaa mzima unasema chai ile ina majini, muuza mkaa ananuna, na mume vidole vimekufa ganzi hawezi kufunga vifungo vya shati. Riwaya imeshachemka, wala hakuna ghorofa lililoanguka. Nguvu ikiwa finyu, mwenye nayo inabidi afikiri, akope, adanganye, aombe watu msaada.

Na mtu asiniambie huu ni ugeni. Fumo Liyongo, jabali la Pwani, alipotiwa gerezani hakutoka kwa misuli peke yake. Mama yake alificha tupa ya kukatia minyororo ndani ya mkate wa wishwa, yaani pumba, kijakazi Saada akaubeba, walinzi wakaudharau kwa sababu ya wishwa. Kila nikisoma utenzi wake roho yangu iko kwa Saada, pale mlangoni.

Malalamiko mengine ya wateja niyapitie haraka.

"Ni vitabu vya watoto." Mpe mtoto riwaya yenye kodi ya nyumba na ndoa iliyochuja, uone kama ataimaliza.

"Mbona haina picha?" Hiyo ni katuni, kaka. Meza ya pili.

"Sijaona filamu yake." Nyingi hazina filamu.

"Superman alipaa tangu mwanzo." Alipotoka mwaka 1938 alikuwa akiruka kwa maana ya kuchupa, kama mita 200 kwa mruko mmoja. Kupaa kulikuja baadaye.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu wa zamani wameuchoka: achana na nyuma ya jalada. Soma kurasa kumi za kwanza ukiwa umesimama hapahapa, sikutozi, na uangalie nguvu ile inamgharimu nini mwenyewe. Kama haimgharimu kitu, rudisha, sitanuna.

Yule kijana nilimsimamisha hivyo hivyo. Alifika ukurasa wa 14, akainua kichwa.

"Mkewe anajua?"

Nikamwambia elfu saba.